Kilwa Haikuanguka kwa Sababu Sita

Mwanafunzi wa kidato cha pili anayejiandaa kwa mtihani anajua namna ya kulijibu swali la dola za kale. Ataandika utangulizi wa mistari mitatu, kisha zifuate hoja za kuinuka: ardhi yenye rutuba, chuma, biashara ya masafa marefu, uongozi imara, jeshi, mahali pazuri kijiografia. Swali likiulizia kuanguka, anazipindua hoja zilezile: uongozi dhaifu, biashara kufifia, vita vya ndani, ukame, dola kuwa kubwa mno, uvamizi wa wageni. Majibu hayo yanaifaa Ghana ya kale, yanaifaa Zimbabwe Kuu, yanaifaa Kilwa. Yangeifaa pia dola ambayo haijawahi kuwepo, na hapo ndipo penye tatizo.

Wakati wa kulijadili ni huu. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 nchini Tanzania umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, nalo linafundishwa kwa Kiswahili. Kwa miaka mingi mtoto wa sekondari alizikariri sababu za kuanguka kwa dola kwa Kiingereza ambacho hakukielewa vizuri, na mwalimu alikuwa na udhuru: mwache akariri, lugha ndiyo inayomshinda. Katika somo hili udhuru huo haupo tena. Linalobaki ni njia ya kufundisha, na kwa maoni yangu mtoto wa miaka 13 au 14 atafaidika zaidi akikaa wiki kadhaa na mji mmoja kuliko kupitishwa mbio kwenye dola kumi. Mji wenyewe tunao, tena tunao kwa Kiswahili: Kilwa Kisiwani.

Anza na swali linaloonekana jepesi. Kilwa ilianguka lini?

Mwanafunzi atasema 1505, Wareno walipofika na mizinga. Ni kweli kwamba Julai mwaka huo Francisco de Almeida aliuteka mji, askari wake wakaupora, na Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwamo katika msafara ule, akaandika habari zake. Lakini Vasco da Gama alikuwa ameshamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi tangu 1502, na mtawala huyo, Amir Ibrahim, alikuwa amekishika kiti kwa njia iliyoleta mgogoro miongoni mwa wakubwa wa mji. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na ufa kabla ya mgeni kubisha hodi. Rudi nyuma zaidi, utaikuta Husuni Kubwa, jumba la kifalme lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, wakati dhahabu ya Sofala ikipita mikononi mwa Kilwa. Msafiri Ibn Battuta alifika 1331 akausifu mji kwa uzuri wake na sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, kwa ukarimu. Hata hivyo waakiolojia waliochimba pale wanaona jumba lile halikumalizwa, wala halikukaliwa kwa muda mrefu. Basi, je, mji ulianza kushuka ukiwa bado kileleni? Au sultani mmoja alijenga kupita uwezo wake na warithi wake wakaamua kuishi kwa kiasi? Msikiti Mkuu uliendelea kutumika na kutengenezwa baada ya hapo, na hilo linaipa nguvu dhana ya pili.

Sasa twende mbele. Wareno wenyewe waliondoka 1512, kwa kuwa biashara waliyoifuata iliwaponyoka. Mwaka 1587 Wazimba, wapiganaji kutoka bara, waliushambulia mji na kuua watu wengi. Hapo mwanafunzi atafikiri habari imekwisha. Haijaisha. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa aliingia mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, na mji ukapata utajiri tena. Karne iliyofuata, Kilwa Kivinje upande wa bara ikawa mlango mkubwa wa misafara ya pembe na watumwa kutoka eneo la Ziwa Nyasa.

Hili la mwisho ndilo ambalo orodha ya hoja sita haiwezi kulibeba. Kwa kipimo cha vitabu vyetu, huko ni kuinuka: biashara imekua, watawala wametajirika. Muulize mtoto, kuinuka kwa nani? Mkulima wa karibu na ziwa aliyechukuliwa na kutembezwa hadi pwani hakuona neema yoyote katika ustawi ule. Kijana wa kidato cha pili ana umri wa kutosha kulipokea swali hilo, na kwa kawaida atalijibu kwa ukali kuliko sisi watu wazima.

Jambo jingine ambalo mji mmoja unalifundisha ni kwamba historia ina vyanzo, na vyanzo havikubaliani. Tarehe ya Kilwa, yaani masimulizi ya mji na watawala wake, iliandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Toleo jingine la habari hizo lilichapishwa na Mreno João de Barros mwaka 1552, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Kilwa. Kwa mujibu wa tarehe ile, mwanzilishi alikuwa Ali bin al-Hasan kutoka Shiraz, aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Watoto hukipenda kisa hiki, na waachwe wakipende. Kisha mwalimu aweke pembeni yake waliyoyaona waakiolojia: watu walikuwa wakiishi kisiwani tangu yapata karne ya 9, katika nyumba za miti na udongo, wakivua na kufua chuma. Aongeze utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2023 katika jarida la Nature, uliopima mabaki ya watu 80 wa karne zilizofuata, wengi wao wa pwani ya Waswahili. Ulionesha kwamba asili ya upande wa kina mama ilikuwa zaidi ya Kiafrika, na upande wa kina baba ulikuwa na mchango mkubwa kutoka Uajemi, mchanganyiko ulioanza karibu mwaka 1000. Kwa hiyo tarehe haikuzua kila kitu, wala haikusema kila kitu. Mtoto akilielewa hilo, amepata elimu itakayomsaidia hata anaposoma ujumbe uliosambazwa kwenye simu.

Wapo wanaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 darasani, daftari mezani na mtihani wa taifa mbele yake, hana nafasi ya kuendesha mjadala kila kipindi. Orodha inasahihishwa upesi na kwa haki: hoja ipo au haipo. Wengine wanasema mtoto anahitaji kwanza mfuatano wa karne na majina, ndipo aanze kuhoji. Hili la pili nalikubali kabisa. Anayehoji asichokijua anapiga porojo. Lakini njia ninayoitetea haidai projekta wala maktaba. Inadai karatasi moja yenye vifungu vitatu vifupi, kimoja cha Ibn Battuta, kimoja cha tarehe ya Kilwa, kimoja cha Mayr, na swali moja: nani alikuwepo, nani alisimuliwa, na kila mmoja alitaka nini?

Hofu yangu kubwa iko kwenye neno la mwisho la jina la somo. Historia ikifungwa nira moja na maadili, ni rahisi kila anguko kugeuka mahubiri: walipenda anasa, hawakushikamana, wakaadhibiwa. Ugomvi wa wakubwa wa Kilwa ulikuwepo, lakini hata mji wenye umoja ungepata tabu mbele ya meli zile za mizinga. Upande wa pili kuna wanaomtwika Mreno kila kitu, hivyo kuwafanya watawala wetu watazamaji wasio na uamuzi wowote. Katika mkataba wa 1776 hakuna aliyewekewa kisu shingoni. Maadili yaingie darasani kwa mlango huo, kwa kuuliza watu waliamua nini walipokuwa na nafasi ya kuamua.

Sisemi Kilwa iwe ndiyo yote. Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, inatoa somo ambalo Kilwa haiwezi kulitoa: mashamba makubwa ya umwagiliaji yenye mifereji iliyojengwa kwa mawe, yakaachwa yapata karne ya 18, na hakuna aliyeandika hata mstari. Hapo mwanafunzi anasoma mawe, udongo na maji.

Yote haya yako mikononi mwa Baraza la Mitihani la Taifa kuliko mikononi mwa mwalimu. Walimu hufundisha kinachoulizwa, na hakuna semina itakayolibadili hilo. Baraza liweke kwenye upimaji wa kidato cha pili kifungu kimoja cha chanzo cha kale na maswali mawili juu yake, yenye alama za kutosha kumshtua mtu. Mwaka utakaofuata, orodha za hoja sita zitaanza kufutwa ubaoni.