Kosa la kompyuta lisisubiri mtaalamu wa Bukavu

Kipindupindu si mgeni kwetu Baraka. Ripoti za vituo vya afya, kuanzia Mulongwe hadi vijiji vya Ubwari, hufika mezani kwangu kila wiki, nami huziingiza kwenye kompyuta.

Msimu mmoja wa mvua niliulizwa: vijiji gani vimepita wastani wa wagonjwa? Swali hilo lina swali jingine tumboni: wastani wenyewe ni ngapi? Katika SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, swali la ndani huwekwa kwenye mabano, na la nje hutumia jibu lake. Nikaandika, nikabonyeza. Kompyuta ikagoma: kosa la sintaksia, karibu na nukta mkato inayofunga amri.

Niliifuta ile nukta mkato, nikairudisha, nikaifuta tena. Wapi! Wakubwa wakaamua faili lipelekwe kwa mtaalamu Bukavu. Siku tatu zikapita bila jibu.

Wahenga walisema usitazame ulipoangukia, tazama ulipojikwaa. Usiku wa siku ya tatu nilirudi nyuma nikihesabu kwa kidole: mabano ya kufungua mawili, la kufunga moja. Kompyuta ilikuwa bado ndani ya swali dogo, ikingoja lifungwe, ndipo ikaikuta nukta mkato. Niliongeza bano moja, orodha ya vijiji ikatoka.

Tangu hapo nalitoa kwanza swali la ndani na kuliendesha peke yake. Likijibu, ndipo nalirudisha mahali pake. Na kama linasimama mahali pa jedwali, nalipatia jina, maana MySQL, programu ya hifadhidata, hailipokei jedwali la namna hiyo lisilo na jina.

Haya yanafundishika hapa hapa, na yanapaswa kufundishwa. Mtaalamu wa Bukavu anaijua SQL kuliko mimi, lakini hajui kwamba kijiji kimoja kwetu huandikwa kwa majina mawili, kikahesabiwa kama viwili. Mabano yakikaa sawa, kompyuta itatoa jibu hata likiwa la uongo, na anayeishi na vijiji hivyo ndiye atakayeshtuka.

Kwa hiyo nawaomba wanaotuletea kompyuta Fizi na Baraka: leteni na mwalimu, akae na vijana wetu mpaka wajue kutafuta kosa wenyewe. Kipindupindu kisipotibiwa kinaweza kumuua mtu ndani ya saa chache. Bano moja lilitukalisha siku tatu.