34 KWA MIA NI NGAPI?

Mwezi wa Desemba 2022 zilitangazwa habari za mapatano mapya ya marubani wa Delta Air Lines, shirika la ndege la Marekani lenye makao yake Atlanta. Neno lililopigiwa mbiu kuliko yote lilikuwa hili: nyongeza ya mshahara ya 34 kwa mia. Mtu akisikia hesabu kubwa namna hiyo hushika kichwa. Tajiri husema wafanyakazi wamezidi tamaa, na mfanyakazi wa kazi nyingine husema laiti ningalikuwa mimi.

Huenda wanachama wakatuuliza: marubani wa Marekani, ambao mshahara wao wa saa chache unapita wa kuli wa mwezi mzima, watuhusu nini sisi? Watuhusu kwa sababu hesabu haina cheo. Karatasi aliyowekewa rubani mezani ndiyo ile ile anayowekewa mpagazi, karani na mwalimu. Asiyejua kuisoma atapiga makofi siku ya kutia sahihi, na kulia siku ya kwenda dukani.

Basi tuisome pamoja. Mapatano yalikuwa ya miaka 4. Siku ya kutiwa sahihi marubani wangeongezwa 18 kwa mia; Januari 2024, 5 kwa mia; Januari 2025, 4 kwa mia; na Januari 2026, 4 kwa mia tena. Ukijumlisha wapata 31, wala si 34. Hapo hapana ujanja, kwa kuwa kila nyongeza huhesabiwa juu ya ile iliyoitangulia. Aliyekuwa akipata dola 100 angepata 118, kisha 123 na senti 90, kisha karibu 129, na mwisho 134. Kwa hiyo 34 ni hesabu ya haki.

Lakini ni hesabu ya haki ya fedha, si ya unga na kodi ya nyumba. Swali la kwanza la mfanyakazi mwenye macho ni hili: tunahesabu tangu lini? Nyongeza ya mwisho ya marubani hao kabla ya mapatano haya waliipata Januari 2019. Tangu hapo walikaa miaka 4 na kima kile kile. Je, bei nazo zilikaa? Kwa takwimu za serikali ya Marekani yenyewe, mahitaji yaliyonunuliwa kwa dola 100 Januari 2019 yalitaka karibu dola 119 Januari 2023. Kura za marubani zilipohesabiwa tarehe 1 Machi 2023, mshahara ukapanda kutoka 100 kuwa 118. Tazama, ndugu msomaji: ile 18 kwa mia, iliyo zaidi ya nusu ya nyongeza yote, haikuwaongezea kitu. Iliwarudisha karibu na pale walipokuwa mwaka 2019, na hata hapo hawakufika kamili.

Sehemu iliyokuwa ya mbele ni zile 5, 4 na 4, ambazo zikizidishwa huwa 13 na nusu kwa mia hivi. Hiyo ndiyo hesabu iliyopaswa kupelekwa mkutanoni, wala si 34. Nayo pia ilikuwa na kazi ya kukimbizana na bei. Bei zilipanda kwa kiasi cha 3 kwa mia kati ya Januari 2023 na Januari 2024, na 3 tena mpaka Januari 2025. Mwezi huo mahitaji yale ya dola 100 yalikuwa yamefika dola 126. Kwa mujibu wa orodha ya nyongeza iliyomo katika mapatano, mshahara ulikuwa umefika karibu 129. Gawanya moja kwa nyingine, utaona kwamba baada ya miaka 6 nyongeza ya kweli ilikuwa kama 2 kwa mia. Iliyobaki ilimezwa na bei.

Sasa tuulize nani aliyefaidika na kungoja. Mapatano ya zamani yalifikia wakati wa kubadilishwa mwisho wa mwaka 2019. Katika Marekani marubani wako chini ya sheria ya kazi za reli ya mwaka 1926, ambayo ilitandazwa juu ya mashirika ya ndege mwaka 1936. Kwa sheria hiyo mapatano ya zamani hayafi. Huendelea, na mshahara hubaki palepale mpaka mapya yapatikane, na wafanyakazi hawana ruhusa ya kugoma mpaka halmashauri ya usuluhishi ya serikali iwaachilie. Ni kweli kwamba mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulisimamisha safari, na shirika hilo lilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 12. Hilo hatulikani. Lakini bei hazikusimama kuwangoja wenye shida. Katika mwaka 2021 peke yake zilipanda 7 kwa mia. Kila mwezi wa maneno matupu ulikuwa mwezi wa kupunguzwa mshahara bila mtu kutangaza. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo linaloumia si la tajiri.

Oktoba 2022 marubani walipiga kura, na 99 kwa mia ya waliopiga waliwapa viongozi wao ruhusa ya kuitisha mgomo. Haikupita hata miezi miwili, msingi wa mapatano ukapatikana. Kila mtu na apime mwenyewe ni kitu gani kilichoharakisha kalamu.

Hatusemi kwamba walikosea kuyakubali. Waliyakubali kwa kura 78 katika kila 100, na ndani yake mlikuwa na mambo mengine ya faida, pamoja na malipo ya mara moja ya kufidia miaka iliyopita. Lakini malipo ya mara moja huliwa mara moja. Hayaingii katika kima cha mshahara, na nyongeza ya kesho haihesabiwi juu yake.

Twawaambia wanachama wetu walio katika vyama vya wafanyakazi: tajiri akileta karatasi, msiulize kwanza ni ngapi kwa mia. Ulizeni inaanza kuhesabiwa tangu lini, na bei zimepanda kiasi gani tangu siku hiyo. Ulizeni kipi kitakaa katika mshahara na kipi ni zawadi ya siku moja. Dai kubwa la kushikilia ni kwamba nyongeza ianze siku mapatano ya zamani yalipokwisha, hata kama mazungumzo yamechukua miaka 3. Likikubaliwa dai hilo, tajiri hatapata tena faida kwa kuchelewa, naye atakuja mezani mapema. Mwenye kalamu na kipande cha karatasi aifanye hesabu kabla ya kunyosha mkono.