Insha za Watoto na Kalamu za Wazee



Mwezi huu tumeletewa insha mbili za watoto wa wanachama wenzetu, tuzitazame kabla hazijapelekwa katika mashindano. Twaona yafaa tuseme neno, maana jambo hili latuhusu sote tulio na watoto katika shule za sekondari.

Insha ya kwanza ni ya kijana wa miaka 15. Yaanza, "Kwa heshima nyingi naarifu ya kwamba," kisha yaendelea kwa mafungu yenye namba, mfano wa barua iendayo kwa mkuu wa idara. Hapana karani asiyetambua mkono ulioiandika. Insha ya pili ni ya msichana, nayo yaeleza foleni ya maji bombani alfajiri. Ina makosa, tena si machache. Walakini tuliisoma mara mbili, kwa kuwa tuliziona ndoo na kuusikia ugomvi.

Hapa yatupasa kukiri kosa letu. Tulitwaa kalamu tukaisahihisha insha ya msichana yule hata isibaki sentensi yake moja. Aliporudishiwa aliisoma kimya, kisha akatuuliza kwa adabu, "Baba, na yangu iko wapi?" Hatukuwa na jibu.

Mashindano haya si jambo dogo. Yale ya Jumuiya ya Madola yalianzishwa mwaka 1883, na hata leo vijana huyaingia bila ada. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina mashindano yake kwa shule za sekondari. Faida yake si tuzo tu: kijana hujifunza kushika hoja moja toka mwanzo hata mwisho, na kusimama nyuma ya maneno yake mwenyewe.

Tukumbuke Julius Nyerere. Alipokuwa mwanafunzi Makerere, katika miaka ya 1943 hadi 1945, alishinda tuzo ya insha ya Afrika Mashariki. Alichukua hoja za Mwingereza John Stuart Mill juu ya kudhulumiwa kwa wanawake, akazipima kwa maisha ya wanawake wa makabila yetu. Hoja aliziazima kitabuni. Lakini maisha hayo aliyajua nyumbani, maana alikuwa mtoto wa mtemi mwenye wake wengi. Mzee gani angaliweza kumwandikia hayo?

Siku hizi ziko mashine zitungazo insha kwa dakika moja. Twawakataza watoto wasizitumie, na huku sisi wenyewe twawafanyia kazi ile ile!

Basi twashauri hivi. Tangazo la mashindano likifika afisini, lipelekwe shuleni siku ile ile, lisilale mezani hata tarehe ikapita. Mtoto akileta insha, tumwulize maswali: Uliona nini? Kwa nini wasema hivi? Makosa ya herufi tumwonyeshe mahali yalipo, naye ayasahihishe kwa mkono wake.

Msichana yule tumemrudishia karatasi yake ya kwanza, naye ameisahihisha mwenyewe na kuipeleka. Makosa mengine yamebaki. Akishinda au asishinde, foleni ile ni yake. Wazee walisema, mbebwa hujikaza; nasi tulio wabebaji tumwachie mtoto nafasi ya kujikaza.