Mvulana Hasomi, au Hatujampa cha Kusoma?

Imekuwa desturi katika makongamano yetu ya Kiswahili kulalamika kwamba mtoto wa kiume hasomi. Kauli hii hurudiwa katika vyumba vya walimu na hata majumbani, mpaka imechukuliwa kuwa kweli isiyohitaji kuthibitishwa. Kwa maoni yangu, mvulana hakuchoshwa na hadithi. Amechoshwa na namna tunavyomletea hadithi hizo.

Hebu tuitazame Gatuanyaga, mashariki mwa mji wa Thika. Wavulana wa huko, sawa na wenzao wa Ruiru na kwingineko nchini, wamekua wakizijua filamu za kigeni zinazosimuliwa na DJ Afro kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Msimulizi huyo hufanya nini? Huwapa wahusika majina ya mtaani, huidokeza hatari kabla haijafika, na hulichelewesha jibu hadi hadhira ishindwe kutulia. Hiyo ni kazi ya fanani ile ile tunayoifundisha katika fasihi simulizi. Hadhira, basi, ipo, na lugha inayoivuta ni yetu. Kinachokosekana ni kitabu.

Aghalabu kitabu anachokutana nacho mvulana huyu ni kimoja tu, yaani riwaya teule ya mtihani. Sina ugomvi na Utengano, Kidagaa Kimemwozea wala Chozi la Heri. Hizi ni kazi zenye uzito wake. Hata hivyo, kitabu kinachosomwa kwa ajili ya kutaja sifa za wahusika na mbinu za lugha hugeuka kuwa dawa. Nani hunywa dawa akiwa mzima?

Ningependa kupendekeza vitabu vichache vya kuanzia. Cha kwanza ni Mzimu wa Watu wa Kale (1960) cha Muhammed Said Abdulla, kilichoshinda mashindano ya uandishi ya 1957–58. Tajiri anakutwa amekufa mahali pa mzimu, watu wanawashuku mizimu, naye Bwana Msa, kiko mdomoni, anatafuta muuaji mwenye damu na nyama. Cha pili ni Kufa na Kupona (1974) cha Elvis Musiba, ambamo mpelelezi Willy Gamba anatoka Tanzania na kuja Nairobi katika kazi inayogusa ukombozi wa Afrika. Mvulana wa Thika ataburudika kuuona mji anaoufahamu ukiwa uwanja wa hatari.

Kwa anayependa historia, yupo P. M. Kareithi na Kaburi Bila Msalaba (1969), hadithi ya vita vya Mau Mau, vita ambavyo babu za wavulana hawa waliviishi. Kuli (1979) cha Adam Shafi kitampeleka bandarini Unguja, aone jinsi Rashidi na wachukuzi wenzake walivyojifunza kusimama pamoja hadi mgomo wa 1948. Walenisi (1995) cha Katama Mkangi kitamtoa katika dunia hii na kumfikisha katika jamii nyingine, kisha jina lenyewe limfichulie siri: wale ni sisi.

Juu ya vyote naweka Siku Njema (1996) cha Ken Walibora, aliyetutoka mwaka wa 2020. Kijana Kongowea anafunga safari kutoka Tanga hadi Kenya akimtafuta baba asiyemjua. Wapo wavulana wengi wanaolelewa bila baba, nao hawana mahali pa kulisemea jambo hilo. Riwaya hii huwasemea, tena bila kuwahubiria.

Najua baadhi ya wahadhiri watauliza: je, tuziingize riwaya pendwa darasani? Kwa muda mrefu tumezitaja riwaya za upelelezi kwa midomo iliyopinda, kana kwamba msisimko ni dosari ya kisanaa. Nijibu kwamba msomaji hazaliwi akiwa tayari kwa Nagona ya Kezilahabi. Hupanda ngazi, na ngazi isiyo na kidato cha chini haipandiki. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: katika riwaya kadhaa za aina hii mwanamke huchorwa kama pambo au mtego. Ni kweli. Kwa hiyo mvulana asiachwe peke yake na Willy Gamba. Akimaliza, apewe Utengano, aulizwe Maimuna angesema nini kuhusu wanawake wa riwaya ile. Huo ndio uhakiki, nao utamjia kwa hiari.

Pendekezo langu kwa wanachama wenzangu ni dogo. Kila mmoja wetu aendaye kufanya mazoezi ya kufundisha abebe kitabu kimoja kisicho cha mtihani. Awasomee wanafunzi sura ya kwanza kwa sauti, kwa madoido ya fanani, kisha akome pale hatari inapokaribia na kukiacha kitabu mezani. Asitoe zoezi wala asiulize maudhui. Atakayekuja kukiomba ndiye msomaji wetu wa kwanza. Haba na haba, walisema wahenga, hujaza kibaba. Nasi tusingoje wizara itujazie kibaba ilhali haba imo mikononi mwetu.