MGUU WA BAHARIA NAO UKALAFATIWE

Mtu akisimama kwenye diko lolote la mwambao wetu, kuanzia Moa hadi Msimbati, wakati wa maji kupwa, ataona jambo ambalo macho yetu yamelizoea hata hatulioni tena. Ngalawa na madau hutia nanga mbali kwa kuwa maji yamekauka, nao mabaharia huteremka na kutembea mwendo mrefu juu ya mwamba, mchanga na tope, mabegani wamebeba mashine, nyavu na matenga ya samaki. Wengi wao ni miguu mitupu. Wachache wamevaa kandambili, na mmoja mmoja mabuti marefu ya mpira. Ni nadra kumwona aliyevaa kiatu kinachoifaa kazi ile.

Hali hii inasikitisha, hasa tukikumbuka jinsi chombo chenyewe kinavyotunzwa. Dau hupandishwa pwani, likakalafatiwa, likapakwa sifa, na ubao uliooza ukabadilishwa. Mguu wa baharia, ambao bila huo dau haliendi popote, hauna wa kuukalafati.

Wako watakaosema kwamba wazee wetu walivua miguu mitupu na wakalea watoto wao. Hoja hiyo ina ukweli wake. Mguu mtupu huushika ubao vizuri, na baharia akiwa ndani ya ngalawa kwenye maji makuu huenda asihitaji zaidi. Hatari kubwa iko pale anapoteremka. Mwambani kuna matumbawe makali, kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi inayokatikia nyamani, kuna taa aliyejifukia mchangani na mwiba wake mkiani, na kuna yule samaki anayejifananisha na jiwe, ambaye miiba yake ya mgongoni ina sumu kali. Juu ya hayo, bahari ya leo ina vitu ambavyo wazee hawakuvijua kwa wingi huu: chupa zilizovunjika, makopo, misumari na ndoana zilizotupwa ovyo.

Lakini kusema "vaeni viatu" hakutoshi, kwani kiatu kibaya chaweza kuwa na madhara kuliko kutovaa kabisa. Kandambili huteleza juu ya ubao wenye maji na utelezi wa samaki, nazo hunasa topeni. Katambuga ni imara nchi kavu, lakini misumari yake hukwaruza chombo na kushika nyavu. Mabuti marefu ya mpira yanafaa kwenye meli kubwa yenye sitaha. Ndani ya dau dogo ni mtego. Mtu akitumbukia, mabuti hujaa maji, akashindwa kupiga miguu na akashindwa kujipandisha tena chomboni. Viatu vya kamba ndefu au bizimu navyo havifai, maana wavu unaposhushwa kwa kasi huweza kushika kamba hiyo na kumvuta mtu baharini.

Kiatu kinachofaa si cha fahari. Kiwe chepesi, kifunike vidole na kisigino, kiwe na soli ya mpira laini yenye mifuo, kisiwe na chuma wala kitu kinachoning'inia, na kitoe maji upesi. Raba ya kitambaa, au kiatu cha plastiki kilichofunika vidole na chenye matundu ya kutolea maji, chaweza kutosha. Mnunuzi naye asione haya kukijaribu: akitie maji aone yanatoka kwa muda gani, asimame nacho juu ya ubao uliolowa, kisha aone kama anaweza kukivua kwa mkono mmoja. Kisichovulika upesi, na akiache dukani. Akirudi kutoka baharini akisuuze kwa maji baridi ya kisima na kukianika kivulini, na miguu aikaushe, asije akapata fangasi.

Hata hivyo, hakuna kiatu cha kawaida kinachozuia kila mwiba. Anayetembea mchangani aburute miguu ili taa ashtuke na kuondoka. Aliyechomwa na taa au na yule samaki wa mawe atie mguu katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia bila kuungua, yakiwa yamepimwa kwanza kwa mkono wa mtu mzima asiyeumia, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu; kisha apelekwe hospitali bila kuchelewa. Kila baharia pia ahakikishe amepata chanjo ya pepopunda, kwani kidonda kidogo cha unyayo ni mlango wa kutosha kwa ugonjwa huo.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Nani anunue kiatu hicho? Kwa desturi ya sehemu nyingi, mapato ya safari huondolewa kwanza gharama za mafuta, chambo na barafu, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na mabaharia. Asiyekwenda baharini hana fungu. Basi aliyechomwa mguu kwa kazi ya wote hukaa nyumbani peke yake na kidonda chake, na watoto wake wakalala na njaa, ilhali chombo kinaendelea kuvua. Huo si uungwana.

Mkataba wa Kazi ya Uvuvi, Namba 188, uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2007 na kuanza kutumika mwaka 2017, unataka mabaharia wapewe vifaa vya kujikinga. Lakini sharti hilo limeelekezwa kwanza kwa vyombo vya mita 24 na zaidi vinavyokaa baharini zaidi ya siku 3. Vyombo vidogo vimeachiwa mashauriano ya kila nchi. Dau letu halimo. Hatuna budi, basi, kuyaanza mashauriano hayo wenyewe, madikoni.

Tunatoa wito kwa wenye vyombo na vikundi vya wavuvi waingize viatu katika gharama za chombo, kama chambo na barafu zinavyoingizwa. Maofisa wa uvuvi, wanapouliza habari za leseni na majaketi ya kuokolea maisha, waangalie na miguu pia. Bei ya jozi moja ni ndogo ikilinganishwa na mapato anayoyakosa baharia mwenye kidonda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu uko unyayoni mwa mtu anayetuletea kitoweo kila siku.