Chala Ina Watu Wangapi?

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019, makarani wa sensa waliandika nani kalala wapi. Vijiji vingi vya Kenya swali hilo halivisumbui. Kijiji cha Chala, kando ya Ziwa Chala, linakisumbua. Ziwa lenyewe limepitiwa na mpaka, upande huu Taveta, ng'ambo Rombo ya Tanzania, na kuna kaya zenye shamba huku na ukoo kule. Isitoshe, tarehe 24 ilikuwa Jumamosi, siku ya gulio Taveta, siku ambayo watu wa pande zote mbili huwa njiani.

Hata hivyo, hesabu iliyopatikana si ya kupuuzwa. Mwaka 2009 kaunti ndogo ya Taveta, ambamo Chala imo, ilikuwa na watu 67,665. Mwaka 2019 wakafika 91,222. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 35, ilhali kaunti nzima ya Taita Taveta iliongezeka kwa asilimia 20 hivi. Kule Wundanyi, milimani, idadi ilibaki palepale, kama 56,000. Uzazi peke yake hauwezi kueleza tofauti hiyo. Watu wanahama, na wanafuata maji.

Maji ya Kilimanjaro huzama ardhini, yakaibukia huku chini: chemchemi za Njoro, mto Lumi, Ziwa Chala. Pale mfereji wa umwagiliaji unapopita, migomba inasimama mizito na nyanya zinajaza makreti. Ukivuka mfereji hatua chache tu, ni miiba na vumbi jekundu. Tangu lami ya kutoka Mwatate ifike, ndizi za Taveta zinawahi soko la Mombasa kabla hazijaiva. Kijana wa Kitui au wa Moshi haambiwi mara mbili.

Hapo ndipo ugomvi wa ardhi unapozuka. Mbuga za Tsavo zimechukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti, mashamba makubwa ya mkonge yakachukua sehemu nzuri ya tambarare, na wananchi wakaachiwa kubanana kwenye kilichosalia. Mtaveta asiye na hatimiliki, akimwona mgeni ananunua ploti, ana haki ya kuogopa, na sioni sababu ya kumwita mkabila. Lakini dawa ya hofu yake ni hatimiliki, wala si kumtoa mgeni kwenye hesabu. Mtoto wa mgeni huyo anapanga foleni ya chanjo kwenye zahanati ileile, na anakalia dawati lilelile.

Fedha za kaunti hugawanywa kwa kuangalia, pamoja na mengine, idadi ya watu. Asiyehesabiwa hubebwa na waliohesabiwa. Tanzania nayo ilihesabu tarehe 23 Agosti 2022, miaka mitatu baada yetu. Aliyekuwa Rombo mwaka 2019 kisha akahamia Chala kabla ya Agosti 2022 hayumo kwenye sensa yoyote kati ya hizo mbili. Aliyehama kinyume chake yumo kwenye zote mbili.

Kusubiri sensa ya 2029 ni kuchelewa mno kwa kijiji kinachokua hivi. Wazee wa vijiji wanajua kila nyumba mpya, walimu wakuu wana rejista, zahanati zina vitabu vya uzazi. Kaunti iunganishe taarifa hizo kila mwaka, kijiji kwa kijiji, na matokeo yabandikwe kwa chifu kabla bajeti haijapitishwa, ili mtu wa Chala ayasome na kuyapinga akiona nyumba yake imerukwa.