Hakimu Amesema, Lakini Bado Umeolewa

Kuna maneno yanayotembea Gusii nzima, kutoka Kiogoro hadi Keroka, kutoka Daraja Mbili hadi Nyamira mjini, na wanaoyasema huyatamka kana kwamba ni kifungu cha Katiba: "Hakimu akishasema, mmeachana." Utayasikia ndani ya Probox, abiria wamebanwa hadi kwenye buti, mmoja wao akitoka kortini Kisii. Utayasikia kwa shemeji anayetaka mambo yaishe haraka. Wapo hata mawakili wanaoyasema ili wafunge faili na kuendelea na kesi nyingine, na hao ndio wanaonikera zaidi, maana wao wanajua si kweli.

Hakimu wa Kenya akikubali ombi la talaka, anachotoa siku ile kwa kawaida ni amri ya muda tu. Amri hiyo inasema kwamba ndoa itavunjika iwapo muda uliowekwa, mara nyingi siku 30, utapita bila mtu kuleta sababu ya kuizuia. Na muda ukipita, talaka haijileti. Ni lazima mhusika arudi masijala, aombe amri ifanywe kamili, alipe ada, kisha apewe cheti chenye nambari ya kesi, saini na muhuri wa mahakama. Kabla ya hapo wewe ni mke wa mtu, au mume wa mtu, hata kama hamjasalimiana tangu siku ya hukumu.

Najua jibu litakalokuja: hizo ni hila za mawakili, mambo ya Wazungu, karatasi za watu wa Nairobi. Nitafika kwa Wazungu. Kwanza tutazame matanga, kwa sababu kwetu huku uongo wa maneno haya hujulikana mtu akishakufa.

Tuseme kuna mwanamke hapa Kiogoro, mwalimu wa shule ya msingi, aliyefunga ndoa kanisani na kupewa cheti. Mume akawa wa ngumi. Mama akatoka, akashitaki, majirani wakatoa ushahidi, hakimu akavunja ndoa. Dada zake wakamkumbatia nje ya korti na kesi ikasahauliwa. Amri kamili hakuifuata, nani alimwambia? Akanunua ploti kwa mkopo wa sacco, akajenga vyumba vya kupangisha, akasomesha watoto wake. Miaka kadhaa baadaye akafa ghafla.

Siku ya pili mume amefika mochari. Amevaa koti na mkononi ana cheti cha ndoa, cha asili, chenye sahihi ya mchungaji. Familia ya marehemu ina nini? Ina kumbukumbu ya sauti ya hakimu. Amri ya muda ambayo haikukamilishwa haikuvunja ndoa. Kifo ndicho kilichoivunja. Kwa hiyo machoni pa sheria huyu bwana ni mjane. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 66, inampa mume au mke aliyebaki nafasi ya kwanza anapotafutwa msimamizi wa mali. Mahakama ina hiari ya kumnyima, lakini mwenye kubisha ndiye atakayehangaika. Mume atahitaji pia barua ya chifu inayotaja waliobaki, na chifu, ambaye alikula wali wa harusi ile, ataandika anachokijua. Vyumba vya kupangisha vitaanza kukusanyiwa kodi na mtu aliyemvunja marehemu taya.

Halafu kuna swali la kaburi. Hatuna sheria ya Bunge inayosema waziwazi nani azike nani. Mahakama zimekuwa zikimtafuta aliye karibu zaidi na marehemu kisheria, na mwenzi wa ndoa huwa mbele. Ongeza hapo mila yetu, ambayo humtaka mke azikwe katika boma alikoolewa. Mwanamke aliyelipa wakili ili atoke katika boma lile atarudishwa humo ndani ya jeneza, na wimbo wa kanisa juu yake. Anayesema "karatasi ni ya nini" aje asimame pale shimoni aseme.

Wanaojiita watetezi wa mila ndio wanaonishangaza hasa. Husema Omogusii hakuhitaji karatasi ili kuachana. Ni kweli hakuhitaji karatasi, lakini lini aliridhika na maneno matupu? Mwanaanthropolojia Philip Mayer, aliyeandika kuhusu mahari ya Wagusii mwaka 1950, alieleza jambo ambalo wazee wetu wanaweza kukueleza bila kitabu: ndoa ilishikwa na ng'ombe. Mwanamke angeweza kukimbia, akaenda kuishi na mwanamume mwingine na kuzaa naye, lakini maadamu chiombe za mume wa kwanza zilikuwa hazijarudi, watoto wale walihesabiwa kuwa wa mwenye ng'ombe. Talaka ilikuwa ng'ombe wakitembea barabarani mchana kweupe kurudi walikotoka, wamehesabiwa, wamepunguzwa kwa ajili ya watoto waliobaki, majirani wakiona. Abagaka, yaani wazee, wangeweza kukaa kutwa nzima wakitoa uamuzi wao, na bado ng'ombe wasiporudi mwanamke hakuwa huru.

Yaani babu zetu walitenganisha uamuzi na ushahidi wa uamuzi kabla korti ya kwanza haijajengwa Kisii. Walijua kwamba jirani atakufa, mzee atasahau na shemeji atadanganya, ndiyo maana wakataka kitu kinachoonekana. Anayekuambia leo kwamba maneno ya hakimu yanatosha hafuati mila wala sheria. Anafuata uvivu.

Uvivu huo una watoto wengi. Mmoja ni ile imani kwamba mkikaa mbali miaka saba ndoa inakufa yenyewe. Hakuna sheria kama hiyo Kenya. Miaka saba inatajwa katika Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 118A, kwa habari ya mtu ambaye hajasikika kabisa hata na wale ambao wangepaswa kumsikia, hivyo akadhaniwa amekufa. Inatajwa tena katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 171, kama utetezi wa anayeshitakiwa kwa kuoa au kuolewa mara mbili, kosa ambalo kifungo chake kinafika miaka mitano. Mume wako anayeuza ndizi Keumbu, ambaye unamwona kila siku ya soko, hajapotea. Kutengana naye kwa miaka saba, au ishirini, hakujafanya lolote.

Mtoto mwingine ni hati ya kiapo. Mume na mke wanaingia kwa wakili ghorofani mjini Kisii, wanaapa kwamba wametengana kwa hiari na kila mmoja ana uhuru wa kuoa au kuolewa, wanagongewa muhuri mwekundu, wanatoka wakidhani wameachana. Muhuri ni mzuri kwa macho. Lakini hati ya kiapo inathibitisha tu kwamba mliapa. Barua ya chifu ni vivyo hivyo, na kikao cha wazee pia: Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, kifungu cha 68, inawaruhusu wa ndoa ya kimila kupitia upatanisho kwanza, lakini kuivunja kwenyewe, kwa kifungu cha 69, ni kazi ya mahakama. Hapo ndipo wengi hushtuka. Walidhani ndoa ya ng'ombe iko nje ya serikali. Sheria hiyo imeipa hadhi sawa na ya kanisani, na tangu Agosti 2017 kanuni za kuisajili zimekuwa zikitumika. Padri naye akikuambia kanisa limebatilisha ndoa yako, ni vyema kwa komunyo, lakini serikali haijasikia.

Wasomaji Waislamu wasicheke. Kwao talaka inaweza kutamkwa nyumbani na ikawa talaka, lakini kifungu cha 72 cha sheria hiyohiyo kinamtaka kadhi, sheikh au imamu aliyevunja ndoa kupeleka nakala ya amri kwa Msajili. Mwanamke aliyeachwa kwa mdomo, na mwanamume akakataa kuandika, anaijua vizuri zaidi kuliko mimi safari ya kutafuta karatasi.

Mtu anaweza kuniambia: mimi sina mpango wa kuoa tena wala kufa karibuni. Sawa. Lakini ukienda kwa Msajili kutaka ndoa nyingine, fomu ya notisi itauliza hali yako, na mtalaka hutakiwa kuonyesha amri kamili. Ukitaka kuweka rehani nyumba ya familia benki, Sheria ya Ardhi inataka mwenzi wako wa ndoa akubali, na benki haitakubali kusikia kwamba mwenzi huyo ni wa zamani kwa sababu umesema. Na kuna Minnesota. Kila kijiji cha Gusii kina mtu Minnesota. Wako walioondoka hapa na ndoa moja na sasa wanataka kumwita mke wa pili au mume wa pili. Ofisi ya uhamiaji ya Marekani, mtu anapomwombea mwenzi wake, hudai ushahidi kwamba kila ndoa ya awali ya kila mmoja wao ilikwisha kisheria. Hapo ndipo simu huanza kulia Kiogoro usiku wa manane: "Mama, nenda Kisii ukaulize ile faili yangu iko wapi." Mama mzee anapanda gari kwenda kusimama kwenye dirisha la masijala akitafuta jalada la talaka ambayo hakuipenda tangu mwanzo.

Wanaogombania mali nao wasikilize. Januari 27, 2023, Mahakama ya Juu katika kesi ya JOO dhidi ya MBO ilisema nusu kwa nusu haiji yenyewe. Kila mmoja aonyeshe alichochangia, na kazi za nyumbani zihesabiwe. Watu wakabishana sana kuhusu nusu. Wachache waliona kwamba Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inazungumzia kugawa wakati ndoa imevunjika. Unaweza kuiomba mahakama itamke nani ana haki gani ndoa ikiwa hai, lakini kisu cha kugawa kinasubiri talaka, na talaka inathibitishwa kwa cheti kilekile ulichokiacha masijala.

Sasa kwa Wazungu. Huu utaratibu wa amri mbili tuliurithi kwao, pamoja na majina yake yenye asili ya Kilatini ambayo makarani huyatamka kila mmoja kivyake. Waingereza wenyewe waliyaacha majina hayo tarehe 6 Aprili 2022, wakaziita amri ya masharti na amri ya mwisho, ili mtu wa kawaida ajue kuwa ya kwanza haimalizi. Sisi tumebaki na Kilatini chao. Mwanamke anasomewa hukumu kwa Kiingereza, anatafsiriwa kwa Ekegusii na mkalimani mwenye haraka, anachosikia ni "ndoa imevunjwa", anashukuru Mungu na kutoka. Nani atamlaumu? Mimi lawama yangu iko kwingine.

Kwanza iko kwa mawakili wanaolipwa ada ya kesi nzima na kuishia nusu ya kesi. Hukumu ikisomwa, amri hainakiliwi na malaika. Mtu huandaa rasimu, upande wa pili hupewa nafasi ya kuikubali, ndipo mahakama itie saini na muhuri. Halafu kuna ombi la kuikamilisha. Ikiwa mteja wako anaondoka bila kujua hatua hizo zipo, umemuuzia nyumba isiyo na paa.

Lakini lawama kubwa ni ya Idara ya Mahakama. Tangu 2024 mfumo wa kuwasilisha kesi kwa mtandao umefikishwa katika mahakama za nchi nzima. Kompyuta inajua tarehe ya hukumu na inajua siku 30 zinaisha lini. Inajua kama kuna mtu amewasilisha pingamizi. Kwa nini mwalimu wa Kiogoro aombe ruhusa darasani, alipe nauli, apange foleni na kuomba kwa unyenyekevu kitu ambacho alishakishinda kwa haki? Wapo watakaosema muda ule wa kungoja ni wa kuwapa wanandoa nafasi ya kupatana. Ungojewe basi. Ukishaisha na hakuna aliyepinga, cheti kitoke chenyewe, nakala moja kwa kila upande na nyingine kwa Msajili wa Ndoa, bila ombi jipya na bila ada mpya.

Wanaume watanufaika pia, ingawa wao ndio hubeza zaidi. Mwanamume anayeleta mke mwingine nyumbani baada ya "hakimu kusema", akamfungia harusi kanisani na keki ya ghorofa tatu, amemweka mwanamke yule katika ndoa ambayo kifungu cha 11 cha Sheria ya Ndoa hakiitambui kuwa ndoa. Mke wa kwanza akijua hilo, na siku hizi wanajua, hana haja ya kupigana. Atakaa kimya nyumbani kwao Keroka, cheti chake cha ndoa kikiwa ndani ya Biblia, akisubiri mzee afe.